Anwani Tatu Mstari Mmoja

Bi Zuhura wa Mkange aliingia dukani saa nne asubuhi, karatasi mbili zimekunjwa ndani ya mkoba wake, kila moja kwenye bahasha yake. Nilikuwa peke yangu. Bi Adila, mwenye duka, alikwenda Dar kufuata wino wa mashine, akaniachia funguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Adila yuko wapi?"

"Kaenda Dar."

"Afadhali. Adila ana mdomo. Wewe hata salamu unaitoa kwa shida, na leo mtu kama wewe ndiye ninayemtaka."

Akavuta kiti akakaa karibu na kompyuta, akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, ingawa dukani hapakuwa na mtu mwingine.

Binti yake Sabiha alikuwa amepata posa mbili. Ya kwanza ilifika mwezi wa Rajabu, kutoka Mapinga, kwa Mzee Mwinyimvua, aliyekuwa akimposea mwanawe Sadallah. Kabla haijajibiwa, mwezi wa Shaabani ikaja ya pili, ya Ashrafu wa Makurunge. Sabiha alimtaka Ashrafu. Sasa Idd ilikwisha pita na majibu yalikuwa hayajatoka.

"Unajua mwenyewe," alisema, "mtu haambiwi hapana. Mzee Mwinyimvua ndiye aliyemwosha marehemu mume wangu. Nitamwambiaje sikutaki? Nimemwandikia kwamba mtoto bado anasoma."

"Anasoma?"

"Alimaliza mwaka jana. Wewe tuma tu."

Karatasi ya pili ilikuwa ya kina Ashrafu. Hiyo ilisema posa imekubaliwa na ndoa itakuwa tarehe kumi ya mwezi ujao, Mfunguo Pili. Akaniambia kwamba wazee wa Ashrafu ni watu wa dini sana. Waliuliza mara tatu kama kuna mtu aliyetangulia kubisha hodi, kwa sababu hairuhusiwi kuposa juu ya posa ya mwenzio, na mara zote tatu aliwajibu hakuna. Wakijua, watarudi nyuma siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo ya masomo iende Mapinga, kwa barua pepe, kwenye simu ya Sadallah. Ya ndoa iende kwa Ashrafu. Na shemeji yangu Haidar, kule Maskati, apate zote mbili, maana yeye ndiye walii, ndiye atakayemwozesha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Na kweli nilimwelewa. Kilichonishinda ni mkono.

Mimi niliishia darasa la tano. Kusoma ninasoma, ila polepole. Kazi ya kompyuta nimeijua kwa kumtazama Bi Adila, na kazi yetu kubwa ni ya vijana wanaotafuta ajira: barua ile ile na vyeti vile vile, kwenda ofisi kumi. Bi Adila huziweka anwani zote kwenye mstari mmoja, anaambatisha karatasi zote, anatuma mara moja. Nilizipiga skani karatasi za Bi Zuhura. Nikanakili anwani ya kwanza kutoka kwenye bahasha, herufi kwa herufi, nikawa nahofia nukta, nahofia namba za mwishoni. Ya pili. Ya tatu. Nikaambatisha karatasi ya kwanza, nikaambatisha ya pili. Hofu yangu yote ilikuwa kwenye herufi. Nikatuma.

"Tayari?"

"Tayari."

"Alhamdulillahi. Nichapie na ushahidi, nikamwonyeshe Sabiha."

Nikafungua barua zilizokwisha kutumwa ili nichape. Pale juu niliona anwani tatu, zimefuatana kama watu waliokaa benchi moja. Chini yake, karatasi mbili.

Nikabonyeza huku na huku nikitafuta pa kuirudisha. Hapakuwa na pa kuirudisha. Barua ilikwisha fika Mapinga, imefika Makurunge, imefika Maskati, na kila mmoja anaziona zote mbili, na anawaona wenzake.

Bi Zuhura alikuwa ameshasimama, anajifunga mtandio. Nilijua kwamba nikinyamaza ataondoka. Ataondoka akiwa na furaha, na habari itamkuta njiani au nyumbani, na mimi sitakuwepo. Alifika mlangoni.

"Mama, subiri."

"Nini tena?"

"Zimekwenda pamoja."

"Nini kimekwenda pamoja?"

"Karatasi. Zote mbili. Kwa wote watatu."

Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akarudi, akakaa pale pale alipokuwa amekaa, akaweka mkoba mapajani.

"Mwinyimvua ana barua ya ndoa?"

"Ndiyo."

"Na kina Ashrafu wana barua ya Mwinyimvua? Ile inayosema tumepokea posa yenu ya mwezi wa Rajabu?"

"Ndiyo, mama."

"Yaa Rabbi, mwanangu umeniua."

Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza zaidi. Simu yake ikalia. Ilikuwa Maskati. Aliiweka mezani ikiwa na sauti kubwa.

"Wewe Zuhura," alisema Haidar, "mbona sielewi? Mtoto anaolewa au anasoma?"

"Shemeji, limetokea kosa."

"Naliona. Hata Mwinyimvua analiona. Na hao wa Makurunge ni watu wanaopima chumvi kwa mizani. Mwinyimvua akitamka tu kwamba yeye alitangulia na hajapata jibu, huna harusi."

"Nifanye nini?"

"Mpigie kabla hajatamka."

Alimpigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ilipopokewa, aliishika, akafungua kinywa, akanipa mimi.

"Sema wewe. Mimi sina uso."

Mimi mtu akiniuliza njia barabarani hujibu kwa kidole. Niliishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mina. Wa duka la kuchapa, Bagamoyo. Kosa ni langu, babu. Bi Zuhura aliniambia nitume hivi, nikatuma vile."

Nilisikia kuku, na mtu anakohoa mbali. "Ngoja kwanza. Sadallah ameniambia kuna barua, naye ananuna tu, hasemi imeandikwa nini. Wewe uliambiwa uniletee barua ngapi?"

"Moja."

"Ipi?"

Nilimtazama Bi Zuhura. Alikuwa amefumba macho.

"Ya masomo, babu."

"Na zimekuja ngapi?"

"Mbili."

"Haya," alisema, akakata.

Tukabaki na lile neno lake, haya. Bi Zuhura alilichambua kila upande. Ni haya ya mtu aliyekasirika? Ni haya ya mtu anayekwenda kuvaa viatu afike Makurunge? "Alilisema vipi? Lirudie kama alivyolisema." Nikalirudia. "Hapana, wewe unalisema kwa woga. Yeye alilisema vipi?" Sikuweza kukumbuka tena.

Watu watatu walikuja kutoa nakala, nikawatolea, mmoja nikampa nakala ya kitambulisho cha mwenzake, akanicheka. Adhuhuri ikaadhiniwa. Bi Zuhura aliswali nyuma ya rafu za madaftari, akakawia sana kwenye sijida ya mwisho.

Alipokuwa anakunja msala, kompyuta ikalia. Ilikuwa jibu kutoka Mapinga, na juu yake zilikuwepo anwani zote.

"Ametuma kwa wote," nilisema.

"Soma."

"Mama, mimi nasoma polepole."

"Soma hivyo hivyo, niko hapa."

Nikasoma, neno kwa neno, na kila neno nililolimaliza niliogopa linalofuata.

"Kwa Bi Zuhura, na kwa wote waliomo katika barua hii. Assalaam alaykum. Barua yetu tumeipata, ile moja inayotuhusu. Posa yetu tuliiondoa wenyewe, kwa mdomo, mwanzoni mwa Shaabani, kabla mwingine hajabisha hodi. Kwa hiyo hakuna aliyempita mwenzake. Tunamwombea mtoto masomo mema. Tumesikia mtihani wake wa mwisho ni tarehe kumi ya Mfunguo Pili. Tutakuja kumshangilia, na mbuzi mmoja tutakuja naye. Mwinyimvua, Mapinga."

"Rudia pale pa Shaabani."

Nikarudia.

"Hakuondoa kitu," alisema Bi Zuhura. "Shaabani hatukuonana hata siku moja." Akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa analia, na alikuwa anacheka. "Mtihani wa mwisho! Mzee huyu ana adabu, na ana meno."

Mimi sikucheka. Makurunge walikuwa bado hawajasema neno. Tulikaa tukikitazama kioo kama watu wanaongoja sufuria ichemke, mpaka likaja jibu fupi la Ashrafu: "Wazee wamesoma. Wanasema Mungu amlipe Mzee Mwinyimvua. Tarehe ni ile ile."

Ndipo nikapumua. Nikasogeza kiti, nikafungua ukurasa mpya.

"Nimwandikie Mzee Mwinyimvua, mama? Yeye peke yake?"

"Andika," alisema. "Sema: Baba, nimeona haya..." Nilikuwa nimeshaandika maneno hayo matatu. "Hapana. Futa. Mtu kama huyu hajibiwi kwa karatasi. Funga duka, twende Mapinga."

"Mimi pia?"

"Uliyeomba radhi ni wewe. Mimi bado."

"Nitasema nini nikifika?"

"Utamwamkia. Mengine yangu."

Nilimpigia Bi Adila nikamwambia nafunga duka mpaka alasiri, na kwa nini. Alinigombeza kwa muda mrefu, na nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikazima mashine, nikafunga mlango. Bi Zuhura alikuwa ameshatangulia mbele, anatembea haraka kuelekea stendi, karatasi zake mbili amezisahau mezani.