Kunde za Arobaini

Siku tuliyomzika baba mkwe wangu, Mzee Cuthbert, watu walicheka sana. Walinicheka mimi.

Nieleze kwanza, maana asiyetoka huku kwetu atadhani hatuna adabu. Msibani watani wana ruhusa. Mtani anaweza kulala mbele ya jeneza likose njia, anaweza kuvaa koti la marehemu akatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, na mfiwa hatakiwi kununa. Akinuna anatozwa kuku. Jirani yetu Sikuzani ni Myao, kwa hiyo ni mtani wa Wamakonde, ukoo wa mume wangu, na ni mtani wangu mimi Mmakua pia. Hana wa kumwogopa pale uani. Siku hiyo alijifunga mto tumboni kwa khanga, akachukua kopo la maji, akaanza kukimbia kutoka jikoni kwenda chooni na kutoka chooni kwenda jikoni, huku anapiga kelele: "Pisheni! Mama Gift huyo! Pisheni njia!" Watu wakashika mbavu. Hata kina mama waliokuwa wakilia na mjane ndani walitoka kuchungulia.

Mama Gift ni mimi, na hilo ningelivumilia. Lakini mzunguko wa tatu alisimama, akashika kiuno, akaitengeneza sauti yake ikawa nzito ya kiume, akasema, "Mama, wewe huna kitu. Huo ni wasiwasi wa ndoa."

Maneno hayo niliambiwa chumbani, mlango umefungwa, tukiwa wawili tu. Mimi na Lameck.

Lameck ni mpwa wa marehemu, na kwa Wamakonde mpwa ana uzito kuliko mtoto wa kuzaa. Ana zahanati yake binafsi pale njia panda ya kwenda Mkunya, na kijiji kizima kinamwita Daktari. Miaka sita nimempelekea tumbo langu. Nimemweleza linavyojaa upepo mpaka watu wananipongeza kwa mimba nisiyo nayo. Nimemweleza linavyonyonga, nikitoka chooni linatulia, halafu kabla sijanawa mikono vizuri linaanza tena. Wiki hii naharisha, wiki ijayo siku nne sipati choo kabisa. Namweleza, naye hainui kichwa. Anaandika. Ananitoa damu, anaingia nyuma ya pazia, anatoka na jibu: taifodi. Vidonge siku kumi na nne. Nimeugua taifodi mara tisa, jamani! Mara ya tisa nikamwuliza, "Daktari, hii taifodi yangu haina mwisho?" Ndipo aliponiambia huo ni wasiwasi wa ndoa. Sasa nilikuwa nayasikia maneno yale kinywani mwa Sikuzani, watu wanafuta machozi ya kucheka, na Lameck mwenyewe, kwenye kiti cha mbele cha wanaume, anacheka kuliko wote.

Nilinuna. Nikatozwa kuku.

Katika nyumba ile mtu mmoja tu alikuwa akinielewa, na ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia. Mwaka wake wa mwisho Mzee Cuthbert naye aliumwa tumbo. Tulikuwa tunakutana kwenye kijia cha chooni, kila mtu na kopo lake, na yeye, mzee mzima, ananipisha: "Tangulia, mwanangu. Mimi bado naweza kungoja." Alikuwa akimeza vidonge vya Lameck vilevile, rangi ileile. Alipokonda mpaka suruali ikawa haishikiki kwa mkanda, Dickson, mume wangu, akamchukua kumpeleka Mtwara. Walimfungua, wakaangalia, wakamfunga: uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Wiki tatu baadaye tukawa makaburini.

Msiba ulipofikisha siku ya tatu, ukoo ulikaa kikao. Nikaitwa. Mama mkwe wangu, Mama Dickson, alikuwa kwenye mkeka na kaniki yake ya ujane, macho mekundu, sauti imekauka.

"Mama Gift," akasema, "chakula changu huli."

"Shikamoo, mama. Nakula, ila—"

"Marahaba. Kunde huli. Mbaazi huli. Maharage huli. Mwanamke gani huyu wa kuishi Newala asile kunde? Wageni wanakuona unasukuma sahani. Wanajiuliza, mkwe wake amemwekea nini mle ndani?"

Hapo ndipo penyewe. Huku kwetu anayekataa chakula cha mtu amemwita mchawi, hata kama hajafungua mdomo. Nikieleza kwamba kunde zikiingia tumboni mwangu usiku mzima najikunja kama mtoto, wanasikia kitu kingine kabisa: kwamba mama ametia uchawi kwenye kunde.

"Na maji," shangazi mmoja akadakia. Maji ya bomba kwetu yanatoka siku yanapotaka yenyewe.

"Chooni kopo moja linamtosha mtu mzima," mama mkwe akasema. "Yeye ndoo." Kisha akanikazia macho. "Siku ya arobaini utakula kunde na sisi, sahani nzima, mbele ya watu. Ukishindwa, rudi kwenu Lulindi, tujue kwamba umetuona wachawi."

Nikamgeukia Dickson. Dickson ni mtu mwema, anapuliza dawa mikorosho yake, halewi, hanipigi. Lakini mbele ya mama yake ulimi wake unakauka. Alikuwa anaangalia ndala zake. Nilimchukia siku ile, nasema kweli, na ndala zake nikazichukia.

Nilikwenda Masasi. Mtu mwenye tumbo zima hajui safari hiyo ni nini. Sikula tangu jana yake mchana, sikunywa hata chai, maana basi likishaanza kuteremka mlima halisimami kwa ajili ya tumbo la mtu. Najua kila choo kati ya Newala na Masasi, chenye mlango na kisicho na mlango. Nikafika nina njaa, nina kizunguzungu, na hasira ndiyo iliyonishika mkono mpaka kwenye benchi la hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke, Faidha, mdogo kwangu kwa umri. Aliinua kichwa. Mnaona ajabu niseme hilo? Aliinua kichwa, akaniuliza choo changu kikoje, akangoja nijibu. Aliuliza kama kina damu. Kama nimepungua mwili. Kama kwetu kuna aliyewahi kuumwa saratani ya utumbo. Kama maumivu yanatulia nikishatoka chooni. Nikasema ndiyo, yanatulia, nikaanza kulia pale kitini, maana kwa miaka sita nilikuwa nalisema hilo na hakuna aliyetaka kulisikia.

Akanipima damu, akapima choo, akanipiga picha ya tumbo. Siku ya pili akaniita.

"Mama, vipimo vyote ni safi."

Nikasimama. "Basi na wewe unaniambia sina kitu!"

"Kaa, dada yangu. Sijamaliza. Utumbo wako hauna kidonda wala mdudu. Ila unafanya kazi vibaya. Ni mwepesi kuudhika. Chakula ambacho kwa mwingine kinapita tu, kwako utumbo unakasirika, unajikaza, unajaa upepo. Huo ni ugonjwa, una jina vitabuni, na wenye nao ni wengi. Hauui, lakini unatesa."

Utumbo wenye hasira. Nikamwambia tumefanana, mimi na utumbo wangu, naye akacheka. Akanipa dawa ya kulegeza msokoto. Akaniambia niandike kwenye daftari ninachokula na kinachonifanya, nile kidogo kidogo, nipumzishe kunde, maharage, mbaazi, vitunguu na maziwa, kisha nijaribu kimoja kimoja nione adui ni nani. Hakuniahidi kupona. Alisema nitajua namna ya kuishi nao. Akaniandikia barua ya Kiswahili, ina mhuri, niwaonyeshe wakwe.

Nilirudi na ile barua kifuani. Wiki tatu niliishi kwa wali, ndizi na samaki, na kwa mara ya kwanza tangu Gift azaliwe nililala usiku mzima bila kuamka. Nilidhani nimeshinda.

Wiki yenye siku ya arobaini nikawapa barua. Na unadhani walimwita nani aisome? Lameck. Ndiye msomi wa dawa katika ukoo. Akaikunjua, akaipitishia macho, akasoma kwa sauti: "Vipimo vyote ni safi. Hakuna kidonda wala minyoo." Akaikunja.

"Endelea," nikasema. "Kuna mistari sita chini yake."

"Hayo mengine ni ushauri tu," akasema Lameck, na kumpa mama mkwe karatasi asiyoweza kuisoma. "Cha muhimu ni kwamba mama ni mzima. Hata Masasi wameona hivyo. Nilisema mimi."

Mama mkwe akaniangalia. "Basi Jumamosi utakula," akasema.

Jamani! Mtu ameshika ukweli wangu mkononi, ameusoma nusu, ameukunja! Dickson akarudi kuangalia ndala zake. Nikaenda kufungasha nguo zangu na za Gift kwenye begi, nikaliweka nyuma ya mlango.

Jumamosi uwanja ulijaa. Ibada ikaisha, padri akala, akaondoka. Kina mama wakatoa vyakula, na mama mkwe mwenyewe akanipakulia: ugali wa muhogo, na kunde zimejaa mpaka ukingoni. Akaniwekea magotini, akabaki amesimama juu yangu. Uwanja mzima ukatulia kunitazama mkono. Na Sikuzani, ambaye hawezi kuacha kitu kitulie, akajifunga mto wake na kuchukua kopo lake: "Pisheni! Mama Gift anakula, pisheni njia mapema!"

Wakacheka, na Lameck akacheka. Nikasikia ndani yangu kitu kinasema: mimi ni Mmakua. Nimeolewa, sijafutwa kabila. Wamakua na Wamakonde nao ni watani, kwa hiyo hawa wote ni watani zangu.

Nikaiweka sahani chini. Nikavuta kitambaa cheupe cha meza ya padri, nikakivaa kama koti. Nikakaa kwenye kigoda, nikainamisha kichwa, nikaanza kuandika kwenye kiganja.

"Mwingine aingie," nikasema kwa sauti ile nzito.

Sikuzani akaweka kopo chini. Halafu, mtani ni mtani, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Jina?"

"Sikuzani."

"Taifodi."

"Daktari, sijasema ninaumwa nini!"

"Taifodi."

"Nimejikwaa kidole cha mguu!"

"Taifodi ya kidole. Vidonge siku kumi na nne. Mwingine!"

Uwanja ulilipuka. Wakaniletea mbuzi, nikamwandikia taifodi bila kuinua kichwa. Wakaniletea mwiko. Nyuma huko mzee mmoja akapiga kelele, "Na mimi nilipewa mara nne!" Mwanamke akajibu, "Mimi saba! Na mwanangu mara tatu!" Lameck alicheka. Ilimlazimu acheke, maana angenuna angetozwa kuku. Alicheka kwa meno ya mbele tu.

Nikavua kitambaa. "Utani wangu umeisha," nikasema kwa sauti yangu. "Sasa nasema kweli. Mimi ni mgonjwa. Nina ugonjwa wa utumbo, umeandikwa kwenye barua ile, mstari wa tatu, ambao Lameck hakuusoma. Sijamwita mtu mchawi. Kunde za mama ni tamu na zinanitesa, na sizili leo wala kesho. Begi langu liko nyuma ya mlango. Mkitaka niondoke, semeni."

Nikamwona Dickson ameinuka. Akaja akasimama karibu yangu, mbele ya mama yake.

Mama mkwe alikuwa hajaondoka pale aliposimama. Hakuwa ananiangalia mimi.

"Lameck," akasema. Hakusema Daktari. "Mjomba wako ulimwambia anaumwa nini?"

Lameck akacheka, akidhani utani unaendelea.

"Mimi si mtani wako," mama akasema. "Nakuuliza. Mwaka mzima alikuwa anakuja kwako na fimbo yake. Ulimwambia nini?"

Watoto waliokuwa wakigombania mbuzi waliambiwa wanyamaze. Lameck alitazama wanaume wenzake, na wanaume wenzake walitazama sahani zao.

"Taifodi," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Mama mkwe akainama, akaokota sahani ya kunde pale miguuni pangu. Alitembea nayo polepole hadi kwenye viti vya mbele, akaiweka magotini mwa Lameck.

"Kula wewe," akasema. "Wewe tumbo lako zima."

Mimi tumbo langu lilikuwa limeshachafuka, kwa hasira au kwa woga au kwa vyote, na halikuwa na habari na mambo ya ukoo. Nikamwomba Sikuzani kopo. Akalijaza, akanipa kwa mikono miwili, bila neno la utani. Siku zote nalificha kopo ndani ya khanga na kupita nyuma ya jiko. Siku ile nililishika nje, nikakata katikati ya uwanja, mbele ya ukoo mzima, nikitembea bila kukimbia.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia niliposikia sauti ya mama mkwe nyuma yangu, imekauka vilevile.

"Mpelekeeni ndoo," alikuwa anasema. "Kopo moja halimtoshi."