Tope la Siku Tisa

Mwaka wa kumi na tisa wa kazi yangu hapa Geneva nilikuwa katibu wa kamati ya wanasheria iliyokuwa ikiandika kanuni za kimataifa za kuwasaidia watu waliokumbwa na maafa. Kanuni zenyewe zilikuwa karibu tayari: nani apeleke waokoaji, nani awafungulie mpaka, nani asithubutu kuzuia dawa. Kilichobaki kilikuwa kifungu cha kwanza, kile cha kusema maafa gani yamo na yapi hayamo. Tulikwama hapo wiki tatu.

Ukame? Mjumbe mmoja aliapa kwamba ukame ukiingia, nchi yake haitatia saini. Ajali za migodi na viwanda? Hapo wajumbe waliokuwa hata hawasalimiani walipatana mara moja: zitoke.

Jumanne asubuhi tulimsikiliza Daktari Burul Sydykova, mwanamke mfupi kutoka bonde moja la milima ya Asia ya Kati. Alipewa dakika kumi. Kwao bwawa la taka za mgodi lilipata ufa, na tope lenye sumu likateremka taratibu, nyumba baada ya nyumba, siku tisa. Watu walihamisha kondoo, wakahamisha watoto, kisha wakarudi kuchukua magodoro. Waokoaji wa nje walikataliwa mpakani, kwa hoja kwamba hayo si maafa, ni hali.

“Nimezika watu thelathini na mmoja waliouawa na hali,” alisema.

Mwenyekiti wetu, Profesa Lindqvist, alimshukuru kwa ushuhuda mzito, akatazama saa yake, tukaenda kula.

Kifungu cha kwanza kiliandikwa huko, mezani, kando ya ziwa, juu ya sahani za samaki waliokaangwa kwa siagi. Tulikuwa watano. Bwana Hruby, mjumbe aliyependa kuchekesha, alikuwa akizungumza huku anatafuna.

“Maafa ni kitu kinachokuja puu!” alisema. “Kikija polepole, na mizigo yake, hicho si maafa. Hicho ni mama mkwe.”

Meza nzima ilicheka. Na mimi nilicheka.

“Sasa yule daktari wa tope?” Lindqvist aliuliza.

“Ah, Profesa! Siku tisa za kufungasha virago, wanataka nini zaidi? Mimi nikihama nyumba hupewa siku mbili.”

Lindqvist alijifuta midomo, akanigeukia. “Odile wangu, wewe ndiye fundi. Tupe maneno.”

Nikayatoa bila hata kuweka uma chini: tukio la ghafla ambalo madhara yake makuu hutokea ndani ya saa sabini na mbili. Hakuna aliyeuliza kwa nini sabini na mbili. Ni hesabu wanayoitaja waokoaji wa matetemeko, nami nilijua ina sauti ya kitaalamu. Ukame ukatoka bila kutajwa, migodi ikatoka bila kutajwa, kila mtu akapata chake. Hruby alinipigia makofi kwa vidole vinavyong'aa mafuta, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Alasiri kamati ilikipitisha kwa dakika kumi na moja.

Daktari Burul alinikuta kwenye korido, karatasi mkononi. “Dada, mimi si mwanasheria. Hebu niambie, sisi tumo au hatumo?”

“Itategemea na jinsi kifungu kitakavyo—”

“Tumo au hatumo?”

“Hammo.”

“Nani kaandika hizi saa?”

Ningeweza kusema kamati. “Mimi.”

Alinitazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. “Si wewe uliyekuwa unaandika nilipokuwa nasema?”

“Ndiyo.”

“Ulikuwa unaandika nini, basi?”

Nilikwenda msalani nikatapika samaki wote. Nilinawa, nikajitazama kwenye kioo, kinyaa hakikutoka. Yale maneno yalikuwa mazuri. Hilo ndilo lililonichafua roho: yalikuwa kazi nzuri.

Katibu haruhusiwi kuwashauri wajumbe. Jioni ileile nilimfuata Balozi Tavita Leau wa kisiwa kimoja kidogo cha Pasifiki, mzee mpole aliyeketi nyuma na kusinzia.

“Mheshimiwa, utaratibu unakuruhusu kuomba kifungu kifunguliwe upya. Kesho ndiyo mwisho.”

“Mama, leo umekula nini wewe?”

“Nilichokula kimenishinda. Hebu soma hapa.”

Alisoma mara mbili. “Bahari inatuingia mwaka wa ishirini huu,” alisema polepole. “Kwa hiyo na sisi hatumo. Nami nilikuwa nimelala mle ndani! Aibu gani hii.”

Kesho yake alisimama akaomba, akazungumza vizuri kuliko nilivyomtarajia. Kura saba zikamuunga mkono, kumi na moja zikamkataa. Ili kumpoza, wakaamua kuweka maneno chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo: kwamba nchi zinaweza kusaidiana katika hali nyingine kwa hiari yao. Hiari! Kana kwamba kuna aliyewahi kuwazuia.

“Odile, yaweke sawa hayo,” alisema Lindqvist.

“Hapana.”

“Umesemaje?”

“Andikeni wenyewe.”

“Fundi kagoma!” Hruby alipaza sauti. Safari hii alicheka peke yake. Waliandika wenyewe, vibaya, na yakachapwa hivyohivyo.

Baadaye Lindqvist aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. “Umenitia aibu mbele ya watu. Hivi unadhani bila mimi kungekuwa na kanuni yoyote? Kuna watu watatolewa chini ya vifusi wakiwa hai kwa sababu ya kile chakula cha mchana. Hilo hulioni?”

Nililiona. Lilikuwa kweli. Mwezi uliofuata nilihamishiwa maktaba.

Lakini kabla ya hapo, Alhamisi asubuhi, nilimwahi Daktari Burul stesheni. Nikamweleza habari za kura, na za maneno ya chini ya ukurasa, na kwamba nilikataa kuyaandika. Nadhani nilitaka anishike mkono.

“Hongera,” alisema, akanyanyua sanduku lake mwenyewe na kupanda treni.