Oribe Hagawanyiki

Foleni ya wasichana katika duka la vitabu ilianzia mezani, ikapita rafu za vitabu vya mapishi, ikateremka ngazi hadi mlangoni, na kila aliyefika mbele aliomba kitu kilekile: uso wa Hisano, msichana wa katuni. Fusako aliwachorea huku akitaniana nao. Macho mawili makubwa, pua ya nukta, nywele zinazopeperushwa na upepo, na msichana tayari ameshika mdomo kwa furaha. Kisha kadi ilisogezwa upande wa pili wa meza, kwa Kinue, naye akaandika jina la mtunzi na tarehe. Oribe Chigusa, tarehe. Oribe Chigusa, tarehe. Karani yeyote wa posta angeiweza kazi hiyo.

Msichana mmoja mwenye miwani alimwinamia kwa adabu.

"Na wewe dada, ndiye unayemsaidia Mwalimu?"

"Ndiye," Kinue alisema, akatabasamu, na roho ikamuuma siku nzima.

Huyo Oribe Chigusa, aliyeitwa Mwalimu kwa heshima wanayopewa watunzi, hakuwa mtu. Walikuwa watu wawili, Morishige Kinue na Hanyu Fusako, waliokaa dawati moja shuleni huko Niigata, wakapanda treni pamoja kuja Tokyo, wakajipa jina moja kwa sababu jarida la wasichana lililowapokea halikutaka majina mawili chini ya hadithi moja. Kinue ndiye aliyetunga. Hisano, msichana anayeng'ang'ania kujifunza kutengeneza sake, pombe ya mchele, katika nyumba ya wanaume pekee, alitoka kichwani mwake. Yeye ndiye aliyeamua nani apende na nani afe, na ukurasa gani ubaki bila neno hata moja. Alichora pia mapaa, mapipa, theluji na mikunjo ya nguo. Fusako alichora nyuso. Sasa niambie, nani hufungua katuni ya mapenzi ili atazame mapipa?

Walikuwa na sheria moja ya nyumba tangu walipokuwa wakibanana katika chumba kimoja cha mtaa wa Nerima: anayeinua simu ndiye Oribe. Wahariri hawana muda wa kungoja mmoja amwite mwenzake kutoka kwenye kamba ya nguo, kwa hiyo alichojibu mmoja kilikuwa kimejibiwa na wote. Miaka ikapita, sauti zao zikafanana hata mama yake Fusako akawa anakosea.

Mwisho wa mwaka kulikuwa na karamu ya wachapishaji. Kinue alilala na mafua, Fusako akaenda peke yake, akarudi mapema. Alikaa kwenye meza fupi ya kuotea moto, ile yenye blanketi, bila kuvua koti, akamenya chungwa, akaliacha hapo hapo. Kinue alimuuliza karamu ilikuwaje. Akajibiwa kwamba watu walikuwa wengi.

Asubuhi alipiga simu Bi Nagase, mchoraji mkongwe ambaye hakuweza kulala na habari ya mtu tumboni. Alianza kwa kumpa pole ya mafua, akazunguka huko na huko, kisha akashusha sauti.

"Jana Kurata alimweka Hanyu-san pembeni, wakanong'ona mpaka vyombo vikaondolewa. Nasikia anataka kumchomoa mmoja wenu. Peke yake, kwa jina lake mwenyewe. Mimi sijasema kitu, ila kaa macho."

Kurata alikuwa mhariri mkuu wa jarida kubwa kuliko lao, mtu ambaye wachoraji walimtaja kwa sauti ya chini. Kinue hakuuliza ni nani anayetakiwa. Aulize nini, wakati foleni ya duka la vitabu ilikuwa imeshamjibu?

Alipobaki peke yake alichukua karatasi akajaribu kumchora Hisano mwenyewe, binti aliyemzaa kwa akili yake. Aliyetoka alifanana na mjomba wake Hisano. Akajaribu tena, mjomba akazeeka. Kinue aliikunjakunja karatasi akaitia jikoni chini ya maganda ya figili ili Fusako asiione. Fusako akiondoka, Hisano anaondoka na uso wake, na yeye anarudi Niigata kupima mchele dukani kwa kaka yake, ambaye mpaka leo alikuwa akimuuliza mchezo huu wa picha utaisha lini. Hicho ndicho kilichomkosesha usingizi. Lakini kuliko hofu, tuseme ukweli, ulikuwepo wivu mtupu. Hata kama angebaki Tokyo na kula vizuri, asingevumilia kuona jina la Hanyu Fusako peke yake juu ya jalada.

Akaanza kumchunguza. Fusako alikuwa amebadilika. Simu ikilia anaacha kalamu na wino unadondoka, mbio mpaka ukumbini, na akiinua mkono wa simu anageukia ukutani.

"Una nini siku hizi?" Kinue alimuuliza wakiwa wameinamia kurasa.

"Sina kitu."

"Simu ikilia unaruka kama umekanyaga kaa la moto."

"Nasubiri simu ya mama."

"Mama yako hupiga Jumapili."

"Kinu-chan, chora. Mapipa hayajichori."

Alisema kwa utani kama walivyozoea kutaniana, lakini neno hilo la mapipa lilimchoma Kinue mahali palepale palipokuwa na kidonda. Akachora mapipa kwa hasira, yakatoka mazuri ajabu, na hakuna aliyeyasifu.

Siku moja mchana Fusako akaenda saluni. Kinue alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, akijiuliza nywele hizo zinatengenezwa kwa ajili ya nani. Hata chai haijapoa, simu ikalia.

"Samahani sana kwa usumbufu," ilisema sauti nzito ya kiume. "Hapo ni kwa Mwalimu Oribe? Mimi Kurata."

Kinue akakaa sakafuni palepale ukumbini.

"Ndiyo, kwa Oribe."

"Naomba radhi kwa kuuliza. Nazungumza na yule niliyekuwa namtafuta?"

Kinue alilainisha sauti, akavuta maneno kidogo mwishoni kama alivyokuwa akifanya Fusako.

"Ndiye huyo huyo."

"Nimefurahi. Ni kuhusu lile jambo la kwenye karamu, la kuja kwetu peke yako, kwa jina lako. Nilitaka kukueleza mwenyewe kwa nini..."

"Nimeshafikiri," Kinue alimkata. Hakutaka kusikia sifa za mwenzake zikimiminwa sikioni mwake. "Siji. Oribe hagawanyiki. Na nakuomba usilirudie jambo hili, si kwangu, si kwa mwenzangu."



"Ni hasara kubwa," Kurata akasema. "Lakini nimekuelewa. Sitakusumbua tena."

Kinue aliweka simu, na kusema kweli alifurahi. Alifurahi furaha ile mbaya ya mtu aliyemfungia mwenzake mlango na ufunguo akautia mfukoni. Fusako aliporudi na nywele zake mpya, Kinue alimsifia mpaka mwenyewe akashangaa.

Haikupita wiki, Fusako alipeleka kurasa kwa mhariri wao akachelewa kurudi. Alipoingia alikuwa amebeba sanduku lenye utepe, na ndani yake tikiti tamu la bei ghali, lile ambalo watu hupelekewa wakilazwa hospitalini. Hakuvua koti. Alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya meza ya kazi, akaweka viganja chini, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Kinue alimwambia aache mzaha, ainuke.

"Nimekutana na Kurata-san mkahawani," Fusako alisema bila kuinua kichwa. "Ameniambia ulivyomjibu."

Kinue aliweka kalamu chini. Akasubiri atukanwe.

"Alikuwa anakutaka wewe, Kinu-chan, si mimi. Usiku ule aliniambia nyuso nzuri zipo kila mtaa, lakini anayeweza kuuacha ukurasa mzima bila neno na msomaji akalia, hajamwona mwingine. Alisema angekutafutia mchoraji. Akaniomba nikufikishie, nikanyamaza. Nilikuwa nakimbilia simu ili usiiinue wewe. Miaka yote hii nimekuonea wivu, watu wanaposhika mdomo kwa uso niliouchora, mimi najua wanamlilia msichana uliyemtunga wewe. Halafu simu imekufikia, na umekataa kwa ajili yangu, bila hata kunisimanga."

Kumbe kitumbua alichokitia mchanga kilikuwa chake mwenyewe. Kinue alifungua mdomo. Kweli yote ilikuwa pale kwenye ulimi: nilidhani ni wewe, nilijifanya wewe, nilikuwa nakufungia wewe. Akamtazama Fusako akilia kwa shukrani na nywele zake za saluni zimemwangukia usoni, akafunga mdomo. Akafikiria kumpigia Kurata kesho asubuhi. Atamwambia nini? Na atatokaje mlangoni, mbele ya mtu aliyemwinamia hivi?

"Alisema nini tena?" aliuliza. "Kuhusu ule ukurasa."

Fusako akamweleza, neno kwa neno, huku akifuta machozi kwa mkono wa koti, kisha akaenda jikoni kuchukua kisu. Alikata tikiti vipande vikubwa, akampa Kinue kile cha katikati.

"Nataka nikwambie jambo moja, kisha nisilirudie," alisema. "Angenitaka mimi, ningekwenda. Siku hiyo hiyo."

"Najua," Kinue alisema.

Akala tikiti. Ng'ambo ya meza Fusako alikuwa akimtazama kwa macho ya upendo ambayo hakuwahi kumtazama nayo kabla, na Kinue alijua hatazamwi yeye. Anatazamwa Kinue mwingine, mwaminifu, aliyepewa dunia akaikataa kwa ajili ya rafiki. Akamwonea wivu mwanamke huyo kuliko alivyowahi kumwonea mtu yeyote.