Wanaogeuza na Basi

Chai ilipoa mbele ya mjukuu wangu. Yeye yuko ofisi ya mipango miji: anaipa kompyuta hesabu ya mabasi na watu, nayo inabashiri nani atapanda basi na nani atatembea. Majibu yalitakiwa saa nane mchana. Yakikubaliwa, mabasi yetu ya asubuhi ya kwenda mjini yanapunguzwa.

"Bibi, wanaohesabu abiria wanasema asubuhi hapa hakuna anayepanda la mjini. Wote wanapanda la kwenda juu, mwisho wa njia. Huko kuna gereji tu. Nimerudia mara tatu, jibu ni lile lile."

"Kunywa chai, mke mwenzangu. Usije ukazimia ofisini, nikaachiwa mume peke yangu."

Hakucheka. Nikamtegea kitendawili, ndiyo dawa yake tangu utotoni. "Ninakokwenda nakupa mgongo, ndipo nikufikie nimekaa."

"Si leo, Bibi. Chukua mji wowote, uniache."

"Ni mimi, nikienda kliniki. La mjini likifika hapa limejaa hadi mlangoni. Basi navuka barabara, napanda la juu, nageuza nalo bila kushuka, narudi kwenye kiti changu. Nusu ya mtaa ndivyo tunavyofanya."

Yeye huenda kazini kwa baiskeli, angejuaje? Akashika kichwa. "Wote hao nimewapeleka gereji."

Akampigia mkuu wake, akamweleza; sauti ya mkuu ikasikika chumba kizima. "Shahidi wako nani?"

"Bibi yangu."

Nikamsikia akifunua karatasi. Kisha: "Majibu yangoje. Kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuja mwenyewe. Nisipoona kitu, majibu yanapita yalivyo."

Asubuhi kituo kilikuwa kitupu. Mkuu alitazama saa yake, mjukuu wangu akatafuna kucha. Moyoni nikawaita majirani mmoja mmoja. Wakaanza kutokea vichochoroni, na basi la juu lilipofika, walipanda kumi na tisa. Mkuu akadandia mwisho na daftari lake.

Tukavuka, tukangoja upande wa mjini. Kila dakika mjukuu wangu aliuliza, "Na wakishuka gerejini?"

Basi likarudi, limejaa, likatupita bila kusimama. Dirishani nikawaona majirani zangu wamekaa. Mkuu alisimama katikati yao, amebanwa, anaandika daftari likiwa juu ya kichwa cha mtu.

Mjukuu wangu akashusha pumzi. "Bibi, ile chai ilibaki?"