Tano Kabla ya Tatu

Sifuri! Maalim Jamaldin aliigeuza karatasi, akaitazama tena, na sifuri ilikuwa pale pale, nyekundu, nene. Huo ulikuwa mtihani wa kutafuta mwalimu wa hesabu wa skuli ya serikali, mwaka wa arubaini na saba. Maswali kumi ya kuweka kwenye mabano, na yote kumi eti amekosa! Yeye aliyesomesha watoto wa Kibokoni miaka kumi na miwili! Hakungoja hata chai. Alivaa kanzu akashika njia ya Ndia Kuu mpaka ofisini kwa Bwana Tayebali, karani aliyesahihisha.

"Nambie, Bwana Tayebali, nimekosa wapi?"

Karani alitoa karatasi ya majibu aliyopewa na Wazungu, akaweka kidole kwenye swali la kwanza: x² + 8x + 15.

"Hapa wanasema (x + 3)(x + 5). Wewe umeandika (x + 5)(x + 3). Zote kumi umezipindua, Maalim."

Damu ilimpanda Jamaldin kichwani. Ni kweli, kwenye karatasi tano ilikaa kushoto, mbele ya tatu. Hesabu alifunzwa na babake kwa vitabu vya Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na mpaka leo huanzia kulia. Lakini hilo nalo ni kosa?

"Zatakiwa namba mbili, ukizijumlisha upate nane, ukizizidisha upate kumi na tano. Haya, tatu mara tano ni ngapi?"

"Kumi na tano."

"Na tano mara tatu?"

Tayebali alichukua penseli, akayazidisha mabano ya Jamaldin, kisha yale ya Wazungu. Uso ukamshuka.

"Lo! Ni sawa kabisa. Lakini majina yamekwenda Nairobi tangu juzi. Kazi kapewa Abdulghafur."

"Kapata ngapi huyo?"

"Nne."

"Nne! Basi andika Nairobi useme umekosea!"

"Wee! Niandike kwamba sijui hesabu? Watanifukuza!"

Laiti angeishia hapo! Lakini mtu yule, bila haya hata chembe, akaongeza kwa upole: "Abdulghafur aanza Jumatatu, na haya mabano yamsumbua. Wewe wayajua, Maalim. Hebu mfundishe kidogo."

Jamaldin alimkodolea macho. Matusi yote aliyoyajua yalimjaa kinywani, akayameza kwa taabu.

"Mlete," alisema. "Na wewe uje naye. Mtakaa mkekani pamoja na watoto."