Mama Mkwe Kwenye Kibendera cha Kona

Jilala alitamani kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho kilikuwa nguo. Si kanzu, wala suti ya karani. Ilikuwa jezi ya timu ya Tanganyika, yenye namba kumi na moja mgongoni, namba ya winga wa kushoto. Mwaka 1948 alikuwa na miaka ishirini na mitano, akisomba mawe katika mgodi wa dhahabu kule Geita siku sita za wiki, na siku ya saba akiichezea timu ya mgodi, peku. Watu wa Rwamgasa walikuwa wakidamka na kutembea kwa miguu kuja kumwona. Aliyekuwa hajamwona Jilala akikimbia alionewa huruma.

Mwaka huo timu ya mgodi ilipanda lori kwenda Shinyanga kucheza na timu ya mji. Watu wa kuchagua wachezaji wa Tanganyika walikuwa wamefika kutoka Dar es Salaam, na ilivuma kwamba nafasi ya winga wa kushoto ilikuwa wazi. Rafiki yake Maulidi, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akalowea Shinyanga, alimwambia ndani ya lori kwamba jezi ni yake, imebaki kupimwa mabega tu. Maulidi naye alikuwa winga wa kushoto, ila alikubali kuchezeshwa kulia kwa sababu alijua mbora ni nani.

Dakika za mwisho, bado hakuna goli, Jilala alipata mpira katikati ya uwanja. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akateremka pembeni kuelekea kibendera cha kona. Maulidi alikuwa peke yake mbele ya goli, mkono juu, akiusubiri mpira. Hapo ndipo Jilala alipoliona kapu alilosuka mkewe, na nyuma ya kapu mwanamke anayejifunika uso kwa kanga na kuchuchumaa haraka. Alikuwa mama mkwe wake.

Anayetaka kucheka na acheke. Kwao Jilala, mwanamume hatazamani na mama wa mkewe. Wakikutana njiani, mmoja hujitenga kando na kugeuza uso hadi mwenzake apite. Jilala alikuwa na miaka mitatu katika ndoa na Melania, na uso wa mama yake Melania hakuujua. Alijua sauti yake nyuma ya ukuta, na maziwa ya mgando aliyompelekea alipougua. Wala mama wa watu hakuwa na kosa. Alitoka kijijini kwake Ibadakuli kuuza michembe, vile viazi vikavu, akiamini mkwewe yuko Geita. Akasikia kelele, akasogea aone kuna nini.

Miguu ya Jilala haikungoja ushauri. Ilisimama. Akageuza uso, akajitenga kando kama yuko kwenye njia ya kwenda kisimani, na mpira ukatoka nje taratibu bila mtu. Baadhi ya Wasukuma waliokuwepo walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakasema huyu kalelewa. Waliobaki walicheka mpaka wakakaa chini. Watu wa Dar es Salaam hawakucheka wala kusifu. Waliandika jina la Maulidi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Melania alileta habari kwamba mama yake amelia siku mbili, na ameapa hatakanyaga tena penye mpira. Jilala alimtuma akamwambie mama kwamba yeye hana kinyongo naye, na ilikuwa kweli. Lakini kutokuwa na kinyongo si kutokuwa na hamu. Kila Maulidi aliposafiri na timu ya Tanganyika, Jilala alikosa usingizi kwa kuiwaza jezi ile ilivyokaa kwenye mabega yasiyo yake.

Kisha jiwe likamwangukia gotini kule mgodini, na mbio zake zikaishia hapo. Akaanza kuwafundisha wenzake, kwanza timu ya mgodi, halafu, alipohamia Shinyanga, timu ya jimbo, na timu zake zikawa hazifungiki. Alikuwa na desturi moja iliyochekesha watu. Kabla ya kila mechi aliwapanga wachezaji mstari na kuwauliza, uso mkavu: "Nani ana mkwe uwanjani leo?" Aliyejibu ndiyo alihamishiwa upande wa pili.

Mwaka 1956 akaitwa kuwa mwalimu wa timu ya Tanganyika. Walimpa koti na filimbi. Jezi alizikunja mwenyewe kila baada ya mechi, na namba kumi na moja aliikunja ya mwisho, akichelewa kuiachia.

Msimu huo timu ilikuwa ikienda Uganda kupitia Mwanza, ikashuka garimoshi Shinyanga kucheza na timu ya jimbo. Asubuhi ya mechi Maulidi, sasa muuza vitambaa mwenye kitambi, alibisha hodi nyumbani kwa Jilala na kifurushi. Ndani kulikuwa na jezi yake ya zamani.

"Hii ilikuwa yako," alisema Maulidi. "Mimi nilikuwa nakutunzia tu."

Jilala alishukuru. Maulidi alipoondoka aliinyoosha kitandani, akaitazama muda mrefu, asiivae. Jezi ile ilitaka mtu anayekimbia. Akamwambia Melania aiweke popote, yeye asiione, akatoka kwenda kwa vijana wake.

Alasiri akawauliza swali lake la siku zote. Wakacheka; hakuna aliyekuwa na mkwe Shinyanga. Akatoka nao uwanjani, na kwenye kibendera cha kona, kona ileile, akamwona Melania amesimama. Kando yake, juu ya kigoda, alikaa mwanamke mzee aliyeupa uwanja mgongo. Alikuwa amevaa jezi juu ya kanga, na mgongoni ilisomeka namba kumi na moja. Watu wote walitazama uwanjani. Yeye peke yake alitazama porini.

Jilala alichechemea hadi hatua tano hivi kutoka kwake, akasita kwa mazoea, akageuka kando.

"Melania," alisema, akishukuru kwa Kisukuma, "mwambie mama wabeja."

Melania hakuwa na haja ya kusema chochote, maana mama alikuwa amesikia. Hata hivyo mama alijibu kupitia kwa bintiye, kama inavyopasa.

"Mwambie mume wako apite," alisema. "Miaka minane nangoja apite hapa. Mimi sitazami."

Machozi yalimtoka Jilala mbele ya umati wote, wala hakuyafuta. Refa akapuliza filimbi. Mpira ulipoenda kushoto, mwalimu wa Tanganyika aliufuata pembeni ya mstari, goti likimuuma, akaipita ile kona huku akiisoma namba mpaka mwisho.