Kamera Isiyo na Nyuma

Niliiburuta picha kwa kidole taratibu, kutoka jukwaani hadi kwenye madirisha, na pale palipotakiwa kuwa na ukuta mtupu nikamkuta Shangazi. Alikuwa anacheza. Macho ameyafumba, kichwa kimeinama kidogo, na mkono mmoja amemzungushia kiunoni bwana asiyekuwepo.

Nikafungua picha ya jikoni. Naye alikuwemo, anaipigia sufuria ngoma. Kwenye chumba cha bibi harusi alikuwa anajitolea ulimi kiooni. Kwenye ngazi ameketi, amevua viatu, anajikuna unyayo kwa raha zake.

Miaka imepita, lakini nikiikumbuka siku ile hucheka peke yangu hadi watu wananitazama.

Ukumbi ule Shangazi na Baba waliachiwa na babu yangu. Shangazi aliuendesha, Baba aliulalamikia. Maharusi walikuwa wameshaanza kuchagua kumbi wakiwa wamejilaza na simu zao, na sisi mtandaoni tulikuwa na picha moja tu, tena ya geti. Muuza vigae mmoja akataka kuupanga uwe ghala lake, na Baba alikuwa ameshalainika. Mimi na Shangazi tukamwomba asubiri kwanza tuuweke ukumbi mtandaoni, mteja auzunguke wote kwa simu yake.

"Haya, nitengenezeeni hiyo ziara yenu ya mtandaoni," alisema. "Nikiona haina mvuto, Jumatatu mwenye vigae anapewa funguo."

Basi nikajifunga kibwebwe. Video ya kutembea nayo niliiacha mapema, maana mkono wangu ulitetemeka hadi mtazamaji angeshikwa na kichefuchefu. Zikabaki programu mbili. Moja ilijenga umbo la jengo zima, ukaliona kutoka juu kama boksi lililofunuliwa. Ilikuwa nadhifu, na mtu yeyote aliyejitokeza nilimfuta kwa kubonyeza mara moja. Ya pili iliunga picha za mzunguko, ukibonyeza mshale unahamia chumba kingine. Hiyo haikufuta hata nzi.

Kamera nilikuwa nimeiazima, sijaizoea. Mimi nilijificha koridoni nikibonyeza kwa simu, na Shangazi, aliyekuwa akinibebea miguu ya kamera, nikamwambia akae nyuma yake asionekane. Kumbe kamera ile ina macho pande zote mbili. Haina nyuma! Shangazi, akijua yuko salama, akajiachia.

Jumapili nikamwonyesha Baba ile nadhifu, tupu, bila mtu. Alizunguka chumba hadi chumba, uso mkavu.

"Pasafi," akasema. "Vigae vitakaa vizuri sana hapa."

Shangazi aliinuka akaenda dirishani. Sijawahi kuuona mgongo wake umenywea namna ile, na roho iliniuma kwelikweli. Nikaivuta kompyuta, nikafungua ile ya pili bila kumwomba mtu ruhusa.

Baba akaburuta. Akasimama. Akasogeza miwani.

"Huyu si...?"

Akabonyeza mshale, jikoni. Akabonyeza tena, ngazini. Kicheko kilimtoka kwa vipande kwanza, kisha chote kwa pamoja, hadi kiti kikalia. Shangazi akaja mbio, akajiona, akapiga yowe.

"We mtoto! Futa! Futa sasa hivi!"

"Asifute kitu," Baba akasema huku akijipangusa machozi. "Dada, hivi ndivyo ulivyokuwa ukicheza Mama akitoka. Mimi nalinda mlango, wewe unaruka juu ya makochi."

Walitazamana kama watu waliopoteana sokoni wakaonana tena. Nilijifanya natafuta waya. Jumatatu mwenye vigae alipiga simu mara kadhaa, na Baba hakupokea.

Tukaiweka mtandaoni vilevile ilivyokuwa. Baada ya wiki wakaja wachumba wawili, wameshikana mikono, wakageuka huku na huku katikati ya ukumbi. Hawakuuliza habari za viti wala maegesho.

"Samahani," binti akasema, "yule mama anayecheza, naye yumo kwenye bei?"

Shangazi akajifunika uso kwa viganja. Nilifungua mdomo nijibu, lakini Baba, ambaye kwa desturi hakuwa akikanyaga pale siku za wateja, akaniwahi.

"Huyo hakodishwi," alisema. "Huyo ni dada yangu. Mtamkuta tu."